Jembe lisiwe adhabu

Jana usiku nimekesha naangalia video za ile shule ya Bali kule Indonesia, Green School, iliyofunguliwa 2008, majengo ya mianzi, madarasa hayana kuta, watoto wanasoma huku wanasikia ndege na bustani ziko hapohapo. Nimeipenda mno. Ada yake mzazi wa kawaida haiwezi, ila kilichoninyima usingizi si ada, ni kwamba vingi nilivyoviona pale na sisi tunavyo! Nani amesoma shule ya msingi Tanzania hii bila kubeba kidumu cha maji na fagio la chelewa?

Na Mwalimu Nyerere alishaandika mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, kwamba kila shule iwe na shamba au karakana, shamba liwe sehemu ya shule yenyewe na wanafunzi washiriki kwenye maamuzi. Yaani zaidi ya miaka 40 kabla ya hiyo Bali.

Sasa likatushinda wapi? Mi naona tuliliua pale jembe lilipogeuka adhabu. Umechelewa namba, kamwagilie bustani. Umepiga kelele darasani, kang'oe kisiki. Mtoto anakaa miaka saba anafundishwa kwamba kwenye udongo wanapelekwa wakosaji, na mwenye akili ndo anasalimika, halafu inafika tarehe 1 Aprili, siku ya kupanda miti, tunampa mche aupande mbele ya mgeni rasmi, picha zinapigwa, Juni shule zinafungwa, jua linawaka na hakuna aliyekabidhiwa ule mche, unakauka. Mwaka unaofuata shimo ni lilelile. Inaniuma sana hii kitu.

Hapa Morogoro kuna mwalimu mmoja wa shule ya serikali, kaanza kwa kukataza kabisa mtu kupelekwa bustanini kwa kosa. Basi. Kila kundi likapewa tuta lake, wakaambiwa amueni wenyewe mnapanda nini. Wengine mchicha, wengine matembele, kundi moja waling'ang'ania tikiti na likawashinda, mwalimu akawaacha wajadili kwa nini. Majani wanayofagia asubuhi hawachomi tena, yanaenda kwenye shimo la mboji pamoja na maganda ya jikoni. Mwanangu siku hizi nikitaka kutupa maganda ya ndizi ananizuia, "mama, hayo ya shule hayo", na anayabeba kweli.

Halafu yule mwalimu akawapandisha wanafunzi juu mto Morogoro, wakachota maji kwenye chupa huku juu kwenye msitu wa Uluguru, wakachota tena chini baada ya mashamba ya mteremkoni, wakaziweka chupa dirishani. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Ile ya chini tope tupu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mizizi inafanya kazi gani, wameona wenyewe, na wakaelewa kwamba maji ya milima hii ndo yanaingia Ruvu na Dar inayanywa.

Ndo maana naipenda pia historia ya Roots & Shoots, programu ya vijana ya kutunza mazingira, ilianzia Dar hapahapa mwaka 1991, vijana 12 wa sekondari walikusanyika kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kumweleza yanayowasumbua, uvuvi wa baruti, ujangili. Hoja zilikuwa zao. Leo programu iko nchi zaidi ya 60, na mimi naamini imedumu kwa sababu mpaka leo watoto ndo wanachagua tatizo la kushughulikia.

Kikao cha wazazi kikiitwa nitanyoosha mkono. Nitaomba lile zuio la adhabu ya bustani liandikwe kwenye sheria za shule, lisibaki huruma ya mwalimu mmoja ambaye kesho anaweza kuhamishwa. Nitaomba pia jiko, maana serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na hatuwezi kumfundisha mtoto msitu asubuhi halafu uji wake wa saa nne unachemshwa na msitu huohuo. Kinachonisumbua bado ni likizo ya Juni, nani anamwagilia? Watoto wanaokaa jirani na shule ni wachache, nafikiria tugawane zamu na sisi wazazi, kila mtaa na wiki yake, vidumu tunavyo.