Vumbi kwenye mwanga wa Hammershøi

Jana nilirudi Ordrupgaard, jumba la makumbusho ya sanaa nje kidogo ya Copenhagen, kwa ajili ya mchoro mmoja tu: ule wa mchoraji wa Denmark Vilhelm Hammershøi wa mwaka 1900. Chumba kitupu cha nyumbani kwake, Strandgade 30. Dirisha, mlango uliofungwa, miali ya jua imelala sakafuni. Sogea karibu uone vumbi linavyoelea ndani ya mwanga.

Wachoraji wa Skagen, mji wa pwani kaskazini mwa Denmark, akina P.S. Krøyer, walichora ufuo, bahari na karamu. Hammershøi alibaki ndani na rangi yake ya kijivu, mkewe Ida mara nyingi ametupa kisogo. Wapo wanaomweka pembezoni mwa sanaa ya Skandinavia. Mimi namweka katikati kabisa. Baridi ya huku naijua: jua likichungulia dakika kumi, unaacha vyombo kwenye sinki, unalitazama.