Siku moja maishani mwangu: daktari wa maiti mbele ya majaji wenye nyota mabegani

Saa 11 alfajiri

Siku ya kutoa ushahidi inaanzia kwenye karatasi. Hapa Lubumbashi umeme hauna ahadi, kwa hiyo projekta haihesabiki hata kama mahakama inasema ipo. Picha zimechapwa jana, kwa rangi, kila moja ikijaza ukurasa mzima. Seti ni 9: majaji watano, oditera anayeendesha mashtaka, avoka (wakili) wa mshtakiwa, avoka wa familia na grefie, yaani karani wa mahakama. Asiyekuwa na karatasi mkononi haangalii ile ya jirani, anaanza kuwaza mambo mengine.

Kila seti ina picha 4 tu. Ya kwanza ni jeraha kama lilivyokutwa, nywele na damu vikiwa palepale. Ya pili ni jeraha lilelile baada ya kunyolewa na kuoshwa, rula ya sentimita ikiwa pembeni. Ya tatu ni mfupa wa fuvu kwa ndani, na ya nne ni tundu la upande wa pili. Ukiongeza picha ya uso, watu wanamwangalia marehemu na kuacha kuangalia jeraha. Oditera huwa anaomba hiyo ya uso. Namkatalia.

Saa 1 asubuhi

Chai, mkate, halafu kukagua mfuko. Ndani yake kuna fuvu la plastiki la kufundishia, kijiti kirefu cha mbao, kipimajoto na nakala ya ripoti yenye kurasa 6. Nguo za marehemu ziko kwa grefie, zimefungwa kwenye karatasi. Zikifungwa kwenye plastiki zikiwa na unyevu zinaota ukungu, na masizi ya baruti hayaonekani tena.

Safari hii angalau nguo zipo. Mara nyingi familia imekwisha kuziteketeza na maiti imeoshwa kabla daktari hajaitwa, kwa heshima kabisa, na hapo nusu ya majibu imeondoka na maji.

Saa 2 na nusu

Ukumbini. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam: Kongo haina baraza la raia kama lile la watu 12 la Marekani na Uingereza. Kwenye mahakama ya kawaida, kesi ya mauaji inaamuliwa na majaji wenye taaluma. Mahakama ya kijeshi ni jambo lingine. Kwa sheria ya mwaka 2002, wanaketi watano, na mmoja au wawili tu kati yao, kutegemea ngazi ya mahakama, ndio mahakimu wa kazi. Waliobaki ni maofisa wa jeshi wanaoapishwa kuwa majaji. Wanachaguliwa wakiangaliwa cheo, kwa sababu mtu hahukumiwi na aliye chini yake kicheo. Hakuna anayewauliza kama wamesoma biolojia.

Kwa hiyo lile swali la ng'ambo, kama raia wa kawaida anaweza kufuata ushahidi wa kisayansi katika kesi ya mauaji, liko hapa pia, ila limevaa kombati. Na linazidi kidogo kwa ugumu. Mwalimu au fundi cherehani hajui lolote kuhusu jeraha la risasi, na anajua kwamba hajui. Ofisa anajua nusu.

Saa 4

Naitwa. Kiapo ni kifupi: kufanya kazi niliyopewa na kutoa ripoti kwa heshima na dhamiri. Ripoti iko kwa Kifaransa, mshtakiwa anafuata kupitia mkalimani, kwa hiyo sentensi lazima ziwe fupi. Ya maneno 40 inamfikia ikiwa na maneno 12.

Kesi ya leo, nikiwa nimebadilisha ya kutosha ili mtu asitambulike: askari amekutwa amekufa chumbani alfajiri ya mwezi wa 6, risasi moja ya kichwa, bastola ya milimita 9. Mwenzake wa chumba ndiye mshtakiwa. Anasema alikuwa zamu hadi saa 2 usiku, akaenda kulala kwa ndugu yake, na anaamini marehemu alijipiga mwenyewe.

Kuna matundu mawili. La kulia, juu kidogo ya sikio, ni kubwa, ngozi imechanika kwa umbo la nyota, karibu sentimita 4. La kushoto ni dogo, halifiki sentimita moja na nusu. Nikisema hayo tu, maofisa watatu wanatikisa kichwa kwa pamoja: risasi imeingia kushoto. Kila aliyepita kambini amefundishwa kwamba risasi inaingia kwa tundu dogo na kutokea kwa tundu kubwa. Na kama iliingia kushoto, marehemu aliyekuwa anatumia mkono wa kulia hakujiua. Kesi imekwisha kabla daktari hajamaliza kuongea.

Kanuni hiyo ni kweli mara nyingi, ila si hapa. Mdomo wa bastola ukigandamizwa kwenye ngozi ya kichwa, hewa ya moto ya baruti inaingia chini ya ngozi pamoja na risasi. Tumboni ingepata pa kutawanyika. Kichwani inakuta mfupa papo hapo, inarudi, inaivimbisha ngozi na kuipasua kutoka ndani. Ndiyo maana tundu la kuingilia linakuwa kubwa na lenye ncha. Upande wa pili hakuna hewa tena, ni risasi peke yake, na ile ya bastola ambayo haikuvunjika inaweza kutoka kwa tundu dogo tu.

Hapa nasimama na kuwaachia picha ya tatu. Ngozi inaweza kubishaniwa, mfupa ni mgumu kuubisha. Risasi ikipita kwenye mfupa wa fuvu, upande inakoingilia tundu ni safi, na upande inakotokea mfupa unabanduka kwa mshazari na tundu linapanuka. Kila mtu amewahi kuona kioo cha dirisha kilichopigwa manati: upande wa kokoto kuna tundu dogo, upande wa chumbani kioo kimebanduka kwa duara pana. Mfupa wa kulia wa marehemu umepanuka kwa ndani. Wa kushoto umepanuka kwa nje. Tena kwenye mfupa wa kulia, chini ya ngozi, kuna masizi, na kushoto hakuna hata chembe.

Fuvu la plastiki, lililokwisha kutobolewa, linapita mkononi mwa kila jaji, kijiti kikiwa kimeingizwa kulia kwenda kushoto. Hii inachukua dakika 10 na haina jambo la kuharakisha. Ofisa akishageuza fuvu mwenyewe na kutia kidole kwenye ule mshazari, hasahau. Meja wa pembeni anauliza swali zuri kuliko yote ya asubuhi: mtu akigandamiziwa bastola na mwingine, jeraha linatofautiana na la aliyejigandamizia? Jibu ni hapana. Jeraha linasema silaha iligusa ngozi, na risasi ilitoka kulia kwenda kushoto. Halimtaji aliyeishika. Oditera hapendi jibu hilo, avoka analipenda kupita kiasi, na wote wawili wanaandika.

Saa 5 na nusu

Saa ya kifo. Hapa ndipo wataalamu wengi wanaharibu kazi, kwa sababu mahakama inataka saa moja tu na mtaalamu anaona aibu kutoa masafa.

Joto la maiti lilipimwa saa 12 asubuhi: digrii 29, hewa ya chumba 12. Mwezi wa 6 Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, usiku ni baridi kweli. Lilipimwa na muuguzi mwenye kipimajoto kinachofaa, kinachosoma kuanzia sifuri, kikaingizwa kiasi cha sentimita 10 kwenye njia ya haja kubwa. Cha homa cha kioo kinachouzwa famasi hakishuki chini ya digrii 35. Anayekitumia anaandika 35 kwa kila maiti, na kwenye karatasi wote wanaonekana wamekufa muda si mrefu.

Oditera ana kanuni yake: digrii moja kila saa. Kutoka 37 hadi 29 ni saa 8, kwa hiyo kifo ni saa 4 usiku, baada ya zamu. Kanuni hiyo inasahau kwamba mwili haupoi kwa mwendo mmoja. Mwanzoni joto la ndani linakaa palepale kwa muda, ndipo linashuka, na mwishoni linashuka polepole. Chati ya Henssge tunayoitumia inadai uzito, joto la hewa na nguo. Kwa mwanamume wa kilo 70 aliye uchi, chati inatoa takribani saa 9 na robo tatu. Akiwa amevaa shati na koti, inafika saa 11 na nusu. Nguo peke yake zinahamisha kifo kwa karibu saa mbili!

Marehemu alikuwa na koti. Kitovu cha hesabu ni saa 12 na nusu jioni, lakini masafa ni saa 2 na dakika 50 kila upande: kuanzia saa 9 na dakika 40 alasiri hadi saa 3 na dakika 20 usiku. Na hayo ni masafa ya hali nzuri, hewa ikiwa haikubadilika sana, jambo ambalo usiku wa kiangazi haliahidiki. Mwezi wa 10, chumba chenye digrii 32, chati hii ningeiacha nyumbani.

Nachora mstari ubaoni, naweka masafa, na naweka alama ya saa 2 usiku. Iko ndani. Basi joto halimwondoi mshtakiwa wala halimtii hatiani. Mistari miwili ya chokaa, na sura tano zinaonyesha kwamba zimeelewa, ingawa hazikufurahi.

Saa 7

Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) mbele ya mahakama, pamoja na avoka vijana wawili. Mazungumzo ni yaleyale: si afadhali kuwaachia mahakimu wa kazi peke yao, hawa maofisa wataelewa nini?

Naona lawama inapelekwa pasipo pake. Chukua kesi ya Sally Clark, Uingereza, mwaka 1999. Watoto wake wawili walikufa wakiwa wachanga, akashtakiwa kwamba aliwaua. Daktari Roy Meadow aliwaambia wazee wa baraza kwamba vifo viwili vya ghafla kwenye familia kama ile vinatokea mara moja katika milioni 73. Kila mmoja alielewa. Tatizo ni kwamba namba ilipatikana kwa kuchukua nafasi ya kifo kimoja, moja katika 8,543, na kuizidisha kwa yenyewe, utadhani kifo cha kwanza na cha pili havihusiani, ilhali ndugu wanashiriki damu, nyumba na hewa. Mama aliachiwa mwaka 2003. Au Lindy Chamberlain, Australia, 1982, aliyeshtakiwa kumuua mtoto wake: baraza liliambiwa kuna damu ya mtoto mchanga ndani ya gari. Baadaye ikaonekana kwamba madoa yaliyotegemewa sana ni dawa ya kuzuia kelele iliyopuliziwa kiwandani. Na mahakimu wa rufaa wa kesi zote mbili, wasomi wa sheria, walikubaliana na hukumu mara ya kwanza.

Avoka mmoja anataja DNA. Mfano wake unafaa mji huu. Mtaalamu akisema alama hizi anazo mtu mmoja katika milioni, msikilizaji anasikia kwamba kuna nafasi moja katika milioni mshtakiwa asiwe mkosaji. Lubumbashi ina watu zaidi ya milioni mbili. Kwa hesabu hiyo tegemea wawili hivi mjini wenye alama hizo, bila kuhesabu Likasi na Kolwezi. Kama hakuna ushahidi mwingine, namba yenyewe haichagui kati yao. Ukiisema kwa idadi ya watu, hata muuza mkaa anaifuata. Ukiisema kwa asilimia yenye sifuri tatu baada ya nukta, profesa naye anapotea.

Saa 8 na nusu

Maswali ya avoka. Anataka kujua kwa nini mikono ya mshtakiwa haina masalia ya baruti. Tunayotafuta ni chembe za metali tatu, plumbi, bariamu na antimoni, zikiwa pamoja. Kwenye mikono ya mtu anayetembea zinapungua ndani ya saa chache, na sabuni inazimaliza. Mshtakiwa alipimwa siku ya pili, kwa hiyo kukosekana kwa chembe hizo hakuna maana. Na zingekuwepo? Zisingekuwa na maana kubwa vilevile, kwa mtu anayeshika silaha kila siku. Luteni kanali anacheka kidogo. Hilo halihitaji maelezo kwake.

Saa 10 na nusu

Kesi imeahirishwa wiki mbili. Napitia ripoti na kuandika pembeni kila swali lililoulizwa na maofisa, kwa maneno yao, si kwa maneno yangu. Swali la meja linaingia kwenye sehemu ya hitimisho, kwa sababu hitimisho langu lilitaja jeraha la kugusa ngozi bila kusema waziwazi kwamba linakubaliana na kujiua na kuuawa pia. Mahakama hailazimiki kufuata maoni ya mtaalamu, kwa hiyo haifai kuiachia ijaze nafasi yenyewe.

Seti zote 9 nazirudisha kwenye bahasha na kuandika tarehe. Maofisa hawa wana kazi nyingine. Mmoja akihamishwa kabla ya hukumu, anaketi mwingine ambaye hakusikia lolote, na kesi inarudi mwanzo, kuanzia kiapo. Zamu hiyo nitaanza na picha ya mfupa, kabla ya kutaja ukubwa wa matundu.