Sauna, mizani na kilo zilizorudi kabla sijafika nyumbani

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unalipa hela ukakae kwenye joto, atadhani unatania. Mwezi wa pili, kaskazi imekolea, ukibanwa katikati ya daladala ya Mbagala saa nane mchana huduma hiyo unaipata kwa nauli tu. Hata hivyo sauna zimeota kila upande, Sinza, Mikocheni, Masaki, Tabata, na wengi wanaoingia humo hawakufuata joto, wamefuata kilo.

Mimi nilimfuata wifi, dada wa mume wangu. Alikuwa amelipia mwezi mzima jimu moja ya Sinza, akapewa ofa ya kuleta mwenzake, na harusi ya mdogo wao wa mwisho ilikuwa imekaribia. Sare zilishakatwa, na fundi alishatuambia kitambaa hakina nyongeza. Kwangu kulikuwa na jambo zaidi ya sare. Daktari wa zahanati aliniambia presha imeanza kupanda, akanitaka nipunguze uzito kwanza kabla hatujaanza kuzungumzia vidonge. Nina duka la nafaka Tandale. Kutwa nzima niko kwenye kigoda nyuma ya mizani, na kinachonyanyuka mara nyingi ni kikombe cha chai, si miguu.

"Wifi, lile jasho ndiyo mafuta yenyewe yanayeyuka," aliniambia. "Utaona mwenyewe."

"Sawa wifi, ila tunapima."

Nimeuziwa magunia mengi kwa maneno matamu, kwa hiyo siku hizi kitu kisichopita kwenye mizani sikijadili.

Pale jimu palikuwa na vyumba viwili, na watu huvichanganya. Kimoja ni cha mvuke: ukungu mtupu, joto la nyuzi arobaini na kitu, maji yanachuruzika ukutani. Aliyewahi kupiga nyungu (na mwaka 2020 wakati wa korona nani mtaani kwetu hakupiga?) anakijua chumba hicho, kimekosa tu mwarobaini, mchaichai na blanketi. Cha pili ndiyo sauna yenyewe, ile ya Wafini: chumba cha mbao, jiko la umeme lenye mawe juu yake, hewa kavu ya nyuzi 70 hadi 100. Finland ina watu milioni 5.5 hivi na sauna zaidi ya milioni 3, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wao huo kwenye orodha ya urithi usioshikika. Ila wenzetu wanaingia mle wakitoka kwenye theluji. Sisi tunatoka kwenye nyuzi 32 za Sinza.

Tukapima kabla ya kuingia. Mizani ilikuwa ile ya kukanyaga, ya namba, na nilimlazimisha wifi avue hadi hereni. Mimi nikiwa na khanga moja tu ilisoma 88.4. Tukaingia, tukakaa benchi la chini.

Dakika za mwanzo hutoki jasho. Ngozi inakauka, puani unapata harufu ya mbao iliyopigwa na jua, kipini changu kikaanza kuchoma hadi nikakivua kwa ncha ya khanga. Halafu jasho linafunguka lenyewe, linaanzia nyuma ya masikio, linashuka mgongoni, linadondoka kutoka kidevuni na kukauka kwenye ubao kabla halijaenea. Moyo unakimbia ingawa umekaa tuli. Benchi la juu alikuwapo mama mmoja aliyejizungushia nailoni tumboni, ya kufungia vyakula, na ndani yake amejipaka tangawizi. Huyo hakumaliza. Alisimama, akayumba, tukamdaka mimi na wifi na kumtoa nje, tukamlaza sakafuni miguu juu ya kiti mpaka macho yakarudi. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama nailoni imetoka.

Tulirudi ndani kidogo, tukatoka, tukajifuta vizuri, tukapanda mizani bila kunywa chochote. Yangu ilisoma 87.6. Ya wifi ilishuka zaidi. Alipiga kigelegele mpaka wanaume wa upande wa pili wakachungulia. Gramu 800, kwa muda ambao hata maharage hayajaiva!

Kwenye mkoba nilikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kiu ya pale si kiu ya kawaida. Nikanywa nusu yake bila kushusha pumzi, nikapanda tena mizani mbele yake: 88.3.

Wifi akasema mizani mbovu.

Kocha wa pale alikuwa mlangoni, anatucheka. Ni kijana wa Manzese, zamani bondia, na ngumi za Manzese mnazijua. "Mama, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu," akasema. Pambano likiwa Jumamosi, Ijumaa ni kupima uzito na afya. Bondia aliyezidi kilo mbili anavaa nailoni ndani na sweta juu, anaruka kamba, anaingia sauna, anatema mate kwenye kopo, hata maji ya kusukutua anaogopa kuyameza. Akishavuka mizani tu, nje kuna mtu amemshikia madafu na chupa ya uji. Kesho yake anapanda ulingoni akiwa mzito kuliko namba iliyotangazwa. "Hakuna bondia anayedhani amepunguza mafuta," kocha alisema. "Yale ni maji. Unayakopa asubuhi, unayarudisha jioni, na wengine yaliwashinda kurudisha."

Hilo la mwisho si utani. Mwishoni mwa mwaka 1997 huko Marekani wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha ili wafikie uzito wa madaraja yao, kwa mazoezi makali kwenye joto na mavazi yasiyopitisha hewa. Baada ya hapo sauna na mavazi ya mpira vikapigwa marufuku kwenye mieleka ya vyuo vyao.

Mimi maelezo ya kocha yaliniingia haraka kwa sababu ya kazi yangu. Gunia la mahindi la kilo 100 lililokuja na unyevu wa asilimia 18, ukilianika hadi ufike 13, linabaki kilo 94 hivi. Punje hazijapungua hata moja. Mkulima anayeuza mahindi mabichi anajua hilo, na mimi ninayenunua najua zaidi. Wifi alikuwa ameanika gunia, hajapunguza hata debe.

Alikuwa na hoja moja nyingine. Ukutani palibandikwa tangazo kwamba nusu saa ya sauna inachoma kalori 600. Kocha alipandisha mabega, tangazo si lake. Nilikuja kulichimba jambo hili baadaye, na liko hivi: kugeuza lita moja ya jasho kuwa mvuke kunahitaji kalori kama 580, hiyo ni fizikia, haina ubishi. Ila joto linalofanya kazi hiyo pale linatoka kwenye jiko la umeme, halitoki kwenye nyama za kiuno chako. Mwili unatoa jasho ili usiungue. Moyo unakwenda mbio kwa sababu unasukuma damu kwenye ngozi ili ipoe, huku misuli mikubwa ya miguu na mgongo, ile inayokula nguvu kweli, imekaa kwenye benchi. Unatumia nguvu kidogo zaidi ya aliyekaa sebuleni, basi. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori karibu 7,700.

Mafuta yenyewe yanatokea wapi? Nilipojua jibu nilimpigia wifi simu usiku ule ule. Yanatokea puani na mdomoni. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu ya kemia wakaonyesha kwamba ukichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni unayoitoa ukipumua, na 1.6 tu ndizo zinageuka maji. Kwa hiyo hakuna mahali mafuta yanayeyuka na kuchuruzika. Nailoni ya yule mama ilikuwa inazuia jasho lisikauke, yaani inamnyima hata kile kipoozi ambacho mwili wake ulikuwa unakihangaikia.

Nilichofanya mimi hakina picha nzuri ya kupigia pale mlangoni. Nililifungua daftari la madeni kwa nyuma, nikaanza kuandika kila kinachoingia mdomoni, kwa jina na kwa saa, kama ninavyoandika anayekopa maharage. Ukurasa wa kwanza ulinitosha. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, kisha nyingine, kisha nyingine mteja akinunua nafaka nyingi tukapongezana. Vitumbua vya yule binti anayepita na ndoo. Soda baridi kwa chakula cha mchana, na soda ya kola ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na ushee, vijiko saba au nane vya chai. Usiku nimechoka, sipiki, napitia chipsi mayai. Mkaanga chipsi anamwaga mafuta kwa kikombe, usimwangalie ukiwa na njaa, mwangalie ukiwa umeshiba ndiyo utaelewa.

Ugali sikuacha. Wanaokushauri uache ugali hawajawahi kushinda sokoni. Nilipunguza tonge, nikaongeza matembele na mchicha mpaka mboga ikawa ndiyo inayojaza sahani, na dagaa au maharage pembeni. Soda niliikata moja kwa moja. Sukari ya chai ilinipa taabu kuliko kitu chochote. Nilishuka kijiko kimoja, nikazoea, nikashuka tena, na tangawizi ilinisaidia pale ambapo ulimi uliona umeonewa. Kwa ajili ya usiku nikawa nachemsha maharage mengi Jumapili na kuyagawa kwenye vikopo, kwa sababu tatizo la chipsi kwangu halikuwa tamaa, lilikuwa uchovu. Mume wangu alinung'unika kidogo kuhusu maharage. Akazoea.

Na miguu. Naishi Kimara Baruti. Badala ya mwendokasi kunifikisha hadi kituoni kwetu, nashuka Ubungo na kupandisha kwa miguu. Anayeijua barabara ya Morogoro pale anajua si tambarare, na jioni moshi wa malori nao unadai haki yake, ila nilipendelea hilo kuliko jogingi ya Jumapili alfajiri na vikundi vya mtaani. Wale wana raha zao, ngoma, sare, supu ya pamoja mwishoni, na supu ile pamoja na chapati zake ilikuwa inarudisha kila kitu. Kocha naye alinifundisha kuchuchumaa na kusimama nikiwa nimekumbatia mfuko wa mchele wa kilo 10. Hilo nalifanya dukani wateja wakipungua, na wachuuzi wenzangu walishachoka kucheka.

Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kwa kula na kwa kutembea, hesabu inakupa nusu kilo hivi kwa wiki. Ni kidogo mno kwa mtu aliyezoea gramu 800 kwa jioni moja, na kuna wiki mizani haikusogea kabisa. Lakini kilichoondoka hakikuwa kinarudi na chupa ya maji.

Sauna naendelea kwenda, nikiwa na sababu nyingine. Mgongo wa kukaa kigodani unalegea, na usiku wake nalala usingizi mzito. Watafiti wa Kuopio nchini Finland walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuwafuatilia wanaume 2,315 kwa miaka 20 hivi, wakaona waliokwenda sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa magonjwa ya moyo mara chache kuliko waliokwenda mara moja. Ni Wafini, wamelelewa humo, na utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja bila kuthibitisha kwamba moja linaleta lingine. Wala haukuhusu kitambi.

Mwenye presha kama mimi amuulize daktari wake kwanza. Mimi niliuliza, nikaambiwa muda mfupi, nisizidishe dakika 15, nisiruke kutoka joto hadi maji ya barafu. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na anayetumia dawa za kukojoza wasiingie kwa kufuata mkumbo. Aliyekunywa bia mbili kabla akae nje kabisa, na Sinza hao ni wengi. Ukitoka, kunywa maji, usiyaogope kwa ajili ya namba ya mizani.

Napima Jumapili asubuhi, nimetoka chooni, kabla ya chai, khanga ile ile moja. Mara ya mwisho ilisoma 79.2. Zahanati wanasema presha imetulia, nirudi baada ya miezi mitatu. Sare ya harusi fundi ameibana kiunoni, na hela ametoza tena. Wifi bado analipia sauna kwa mwezi, hataki kusikia, lakini juzi aliniomba nimsubiri Ubungo jioni tupandishe wote. Alikuja na raba mpya, na mwavuli wa jua.