Siku Moja Kwenye Chumba cha Picha za Kifua

Saa moja na nusu asubuhi huwa nimeshawasha mashine na kuvaa beji ya kupimia mionzi. Mpaka saa nne ni foleni ya kawaida ya vikohozi, mifupa iliyovunjika na wajawazito wanaosubiri ultrasaundi, na wengi hutoka wakiamini kwamba kazi yangu ni kubonyeza kitufe.

Saa nne na robo aliletwa mzee mmoja kwa kiti cha magurudumu, akihema na kulalamikia kichomi cha upande wa kulia. Mwanawe alinikabidhi picha iliyopigwa kwingine, mzee akiwa amelala chali, na haikuonyesha zaidi ya ukungu. Pafu na ukuta wa kifua vimefunikwa kwa tando mbili nyembamba, na ugonjwa kama kifua kikuu, saratani au nimonia ukizifikia, maji huweza kujaa katikati yake. Mgonjwa akikaa wima maji hushuka kwenye pembe iliyo kati ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mbavu, ingawa picha ya mbele huhitaji takribani mililita 200 ndipo iyaonyeshe vizuri; akilala chali hutandaa nyuma ya pafu.

“Dada, picha si hii hapa? Mnataka hela mara mbili?”

Nilimwamkia mzee kwanza, kisha nikaeleza. Kijana hakuridhika, akaeleza yake kwa sauti iliyofika mapokezi, mpaka mzee mwenyewe aliposema, “Mwache dada yako afanye kazi.” Tulimkalisha akiegemea mto, nikapaka jeli ya ultrasaundi, na hapo umeme ukakatika. Niliendelea kumshika bega tukisubiri jenereta, na tangu hapo sikuitazama saa tena.

Mashine iliporudi, kioo kilionyesha maji meusi, pafu lililosinyaa likichezacheza ndani yake, na nyuzi zilizoyagawa vyumba vyumba, jambo ambalo eksirei isingelionyesha. Maji ya namna hiyo huenda yasitoke yote kwa sindano moja. Niliweka alama ya pa kuchoma sindano, juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa kuwa mishipa hupita chini ya ukingo wa chini, nikampigia daktari.

Chai sikuinywa. Kwenye ripoti niliandika “maji yenye vigawanyo”. Kijana alinifuata hadi mlango wa stoo akitaka nimtajie ugonjwa, nami nikamwambia kwamba jibu hilo litatoka maabara, maji yakishapimwa.