Nondo za dirisha la mama

Mama alianguka uani alfajiri moja ya Oktoba 2018, akienda kutawadha. Nyumba ni ileile tuliyokulia, Ngamiani, Tanga. Alijikinga kwa mkono, kiwiko kikachubuka na nyonga ikavilia damu. Hakuvunjika, alhamdulillahi.

Watoto tukakaa kikao. Tukakubaliana mama asiguse kitu: maji tutamletea, chai tutamletea, swala ataswali kwenye kiti. Kila akitaka kuinuka anaambiwa, "Kaa tu, mama." Mimi ndiye niliyeanza kulisema neno hilo, na nililisema kwa mapenzi. Miezi mitatu baadaye, nikimfunga kanga, niliona mapaja yamepwaya, na hata kufika chooni sharti atambae na ukuta.

Kaka akamleta daktari wa mazoezi, binti mdogo tu. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, "Shikamoo, mama," akaketi mkekani. Kabla ya lolote akamuuliza mama anatamani aweze nini tena. Nilidhani atataja sokoni. Mama akasema, "Nisujudu, mwanangu, na niinuke mwenyewe."

Kochi alilikataa, fupi mno. Tukaleta kiti cha mezani, tukakiegemeza ukutani kisiteleze. "Rudisha miguu nyuma kidogo, mama. Mikono kifuani. Inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo usimame." Mara ya kwanza hakunyanyuka. Ya pili akanidaka mkono, na binti yule akaniomba kwa upole nisogee. Nilisogea hatua mbili, na sijui kama nimewahi kupiga hatua nzito kuliko zile. Ya nne mama akasimama, akiwa anahema.

Kisha dirishani. Mama peku, mikono miwili kwenye nondo, miguu pamoja. Halafu mguu mmoja ukatangulia nusu. Halafu kisigino cha mbele kikagusa vidole vya nyuma, mstari mmoja, kama mtu anayevuka mtaro juu ya ubao. "Sasa achia nondo, lakini mikono ibaki karibu. Hesabu kumi." Nilikuwa nimechuchumaa pale chini. Niliona vidole vyake vikibana sakafu, kifundo kikicheza kulia na kushoto bila kutulia. Mama hakuhesabu namba, alivuta Subhanallah moja moja. Ya nne akayumba, akashika. Akarudia. Siku ile hakufika kumi.

Wakati wa chai binti alitueleza kwa nini mama alianguka. Mwili hujua umesimama vipi kwa macho, kwa sikio la ndani na kwa nyayo. Alfajiri ile taa ya uani ilikuwa imeungua, kwa hiyo macho hayakumsaidia. Akaomba kuziona kandambili: zimelika kisiginoni, laini kama sabuni. Akauliza na dawa. Mama anameza za presha, na alizoea kuinuka kitandani kwa mkupuo mmoja. Akaambiwa aketi kwanza ukingoni, achezeshe miguu, kizunguzungu kikiwepo kipite, ndipo asimame. Jioni hiyohiyo nilizitupa kandambili na kaka akabadilisha taa.

Neno moja la binti yule liliniuma: misuli ya mzee akikalishwa huisha haraka, na woga wa kuanguka humzidishia kuanguka. Nilikwenda uani nikalia. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Mama alikuwa na 71, nasi tulimpa sifuri.

Basi kila baada ya chai, dirishani. Mikono miwili kwenye nondo, wiki zikapita, mkono mmoja, halafu kidole kimoja tu cha shahada. Mimi nasimama nyuma yake bila kumgusa.

Ramadhani ya 2019 tuliswali tarawehe sebuleni, wanawake wa nyumba. Nilimwekea mama kiti cha plastiki kando. Tulikuwa bega kwa bega. Katika rakaa ya kwanza, tukitoka sijda ya pili, nilisikia kiganja chake kikisukuma mkeka, goti likalia, kisha pumzi yake ikaja kutoka juu, usawa wa sikio langu. Kiti kilibaki na mtandio wangu niliouweka hapo.