Kijitabu cha bibi, wiki ya tano: herufi zimepatikana

Wiki hii nzima nimeshughulika na mshororo mmoja wa bibi: "Ng’ombe wa mwenyewe zizi, hachungwi na mpitaji." Mizani 16, 8 kwa 8. Kijitabu ni cha A6, cha kutia mfukoni, na nikishatoa pambizo nabakiwa na milimita 81 za kuandikia. Mshororo huo lazima ukae mstari mmoja. Ukikatika, vina vya kati na vya mwisho haviwi tena vimepangana, na jicho linapotea.

Nilianza na Libre Baskerville, saizi 11. Ni herufi nzuri, lakini zina mwili mpana, na mshororo ulizidi kwa sentimita moja na kitu. Kupunguza saizi sikutaka, kwa sababu wasomaji wangu wa kwanza ni wazee wa Kibokoni. Nikahamia EB Garamond, saizi ileile, na mshororo ukaingia na nafasi ikabaki.

Fonti hii ni ya bure. Georg Duffner aliitoa mwaka 2011, akifuata karatasi ya sampuli ya mwaka 1592 yenye herufi za Claude Garamond, mchongaji wa Paris aliyefariki 1561. Herufi zake ni nyembamba, na vile vijiguu kwenye ncha vinalishika jicho lisitoke mstarini. Ila Garamond alichongea Kilatini na Kifaransa, lugha ambazo k na w ni nadra. Sisi hatumalizi sentensi bila "kwa" na "wake". Kwa hiyo nilichapa ukurasa mzima wa kwa, wewe, kiwiko na mwaka, nikautazama kwa kioo cha kukuzia. Zimekaa vizuri, nimeridhika.

Kazi kubwa ilikuwa kile kidoti cha juu. Kwenye "ng’ombe" kiliacha pengo baada ya g, neno likawa kama mawili. Nimelibana pengo hilo kwa mkono, kila mahali. Tena bibi anaandika p’aa, yule mnyama, kumtofautisha na paa la nyumba, na hapo kidoti kikipotea maana nayo imekwenda. Nimepitia beti zote 64 nikihakikisha kila kimoja kimepinda kama koma, si kijiti kilichosimama wima.

Alhamisi nilipeleka faili kwenye duka la kuchapisha, karibu na Mwembe Tayari, ndani ya flashi. Kompyuta yao haikuwa na fonti yangu, ikaweka nyingine bila kuuliza, na mishororo ikakatika ukurasa baada ya ukurasa. Bibi alivaa miwani, akaweka kidole pale pale.

"Mwanangu, mbona utao umeanguka chini?" Utao ni kile kipande cha pili cha mshororo.

Iliniuma. Jana usiku nimetengeneza PDF yenye fonti ndani yake, nikaifungua kwenye simu ya binamu yangu isiyo na Garamond, na kila mshororo umekaa mahali pake. Jumatatu narudi dukani kuchapa nakala moja tu. Bibi akiipitisha, tutachapa 30 na kuzishona kwa uzi.