Mpiga picha kapatikana jamani

Leo nimezunguka Moshi mjini toka saa nne natafuta mpiga picha wa harusi yangu, zimebaki wiki sita na kamati wananipigia simu kama nadaiwa 😅

Wa kwanza ana droni na kila kitu, ila albamu nzima maharusi wametoa macho kwenye kamera kama picha za paspoti.

Wa pili, kaofisi kadogo juu ya duka la vitenge, akanifungulia harusi ya Marangu. Ndafu (yule mbuzi mzima wa kuchoma) inakatwa, watu wote wamenyanyua simu, halafu kule pembeni bibi mmoja kavua viatu kavishika mkononi anacheza zake peke yake.

Nikamkumbuka bibi yangu, nikanyamaza kabisa.

Nimelipa advansi palepale, punguzo hata sijaomba (mchumba akijua ataninunia).

Wenzangu mlioolewa, nyie mpiga picha wenu mlimpataje?